Kufunga na mazoezi ya vipindi: kila kimoja na kazi yake

Anayetaka kupunguza kitambi siku hizi hupewa ushauri wa aina mbili. Mmoja humwambia afunge, ale ndani ya saa chache tu kwa siku. Mwingine humwambia akimbie kwa kasi, apumzike, kisha akimbie tena. Wauzaji wa programu za mazoezi huviunganisha viwili hivyo na kuahidi maajabu. Maajabu hayapo, lakini faida ipo, na inatokana na ukweli kwamba kufunga na mazoezi hayo havifanyi kazi moja.

Tuanze na kufunga. Unapokula, hasa wanga na sukari, kongosho hutoa insulini, homoni inayouamuru mwili kuweka akiba. Ukikaa saa nyingi bila chakula, insulini hushuka, akiba ya sukari iliyo kwenye ini hupungua na mwili hugeukia zaidi mafuta. Wengi hudhani hapo siri imepatikana. Lakini mafuta yaliyotumika mchana hurudi usiku ikiwa sahani itafidia kila kilichokosekana.

Waliozoea Ramadhani wanalijua hilo. Mtu anashinda na njaa mchana kutwa, futari inakuja na sambusa, kaimati, tambi za nazi na uji wa sukari, na Idi inamkuta suruali inambana.

Utafiti wa Guangzhou, China, uliochapishwa mwaka 2022, uliwafuatilia kwa miezi 12 watu 139 wenye unene uliokithiri. Wote walipunguziwa chakula, ila kundi moja lilitakiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 jioni tu. Kundi hilo lilipungua wastani wa kilo 8.0, la pili kilo 6.3. Kitakwimu, tofauti hiyo haikutosha kuupa muda wa kula sifa ya pekee. Kwa hiyo faida kubwa ya kufunga ni kwamba kunamsaidia mtu kula kidogo bila kupima kila kijiko: jiko likifungwa saa 12 jioni, chipsi mayai za saa 4 usiku hazina nafasi.

Moyo unataka kazi

Kwa upande wa moyo, jina linalotajwa sana ni Trondheim, Norway, ambako Profesa Ulrik Wisløff na wenzake walieneza mtindo wa nne kwa nne: dakika 4 za kasi, dakika 3 za mwendo wa taratibu, mara 4. Mwaka 2007 walichapisha matokeo ya wagonjwa 27 ambao moyo wao ulikuwa umedhoofika baada ya shambulio la moyo. Waliofanya vipindi vya kasi chini ya uangalizi waliongeza uwezo wa mwili kutumia oksijeni kwa asilimia 46. Waliofanya mazoezi ya wastani yasiyokatizwa waliongeza asilimia 14.

Sababu yake inaeleweka. Mwendo wa kasi huulazimisha moyo kusukuma damu nyingi kwa kila pigo, na mapumziko humwezesha mtu kurudia kazi hiyo ambayo asingeihimili mfululizo. Kwa wiki kadhaa misuli ya moyo huimarika na mishipa hutanuka vizuri zaidi.

Je, vikiunganishwa? Jiji hilohilo lilijaribu. Wanawake 131 wenye uzito uliozidi waligawanywa makundi manne kwa wiki 7: waliokula ndani ya saa zisizozidi 10, waliofanya mazoezi ya vipindi mara 3 kwa wiki, waliofanya yote mawili, na walioendelea na maisha yao. Matokeo yalitoka mwaka 2022. Waliounganisha walipunguza mafuta zaidi, yakiwemo yanayozunguka viungo vya tumboni, na kipimo cha wastani wa sukari ya miezi michache kilishuka. Hata hivyo, kipimo cha sukari baada ya kunywa glukosi hakikuonyesha tofauti ya maana kwa kundi lolote.

Namna ya kuanza

Kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni. Maji, na chai ya rangi isiyo na sukari, ruksa wakati wowote. Usiache maharage, dagaa, mayai au samaki, kwani anayefunga bila protini ya kutosha hupoteza na misuli.

Mazoezi yapange saa 10 jioni, ili chakula kifuate. Pasha mwili dakika 10, kisha panda mlima au tembea kwa kasi dakika 4, rudi taratibu dakika 3, rudia hadi mara 4. Lenga asilimia 85 hadi 95 ya mapigo ya juu kabisa, yanayokadiriwa kwa kutoa umri wako kwenye 220. Mwenye miaka 45 atalenga mapigo 149 hadi 166 kwa dakika. Asiye na saa ya kupimia ajipime kwa maneno: katika kasi hiyo utajibu "ndiyo" au "hapana", lakini hutaweza kusimulia.

Wapo ambao haya si yao kabla ya kumwona daktari: wanaotumia insulini au glibenklamidi, maana sukari yaweza kushuka ghafla, wenye presha isiyodhibitiwa, na waliowahi kupata maumivu ya kifua. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wenye historia ya matatizo ya ulaji wasifunge kwa ajili ya kupunguza uzito.

Wengine, anzeni na vipindi viwili badala ya vinne, na mkifungua msifidie. Na ikibidi kuchagua kimoja kwa ajili ya moyo, chagueni mazoezi.