Beki Aliyebaki Chamazi

Ukitaka kuijua kazi ya beki wa kati, acha kuufuata mpira kwa macho. Mwangalie yeye mpira ukiwa upande wa pili: anavyoipandisha safu hatua mbili ili mshambuliaji aangukie mtego wa kuotea, anavyomfokea beki wa pembeni arudi, anavyoamua amfuate mtu au alinde nafasi. Akiteleza mara moja, magazeti ya kesho yana jina lake. Asipoteleza dakika zote tisini, hatajwi.

Kwa zaidi ya miaka kumi, kazi hiyo pale Chamazi, nje kidogo ya Mbagala, ilikuwa ya Aggrey Morris. Alivuka bahari mwaka 2009 akitokea Mafunzo ya Zanzibar na kujiunga na Azam FC yenye makao yake Chamazi, klabu iliyokuwa imepanda Ligi Kuu mwaka mmoja tu nyuma.

Hakubebwa kama yai. Mwaka 2012 klabu yenyewe ilimsimamisha pamoja na wenzake watatu kwa tuhuma za kupanga matokeo, baada ya kipigo kutoka kwa Simba. Taasisi ya kupambana na rushwa, TAKUKURU, ikachunguza, ikawasafisha, naye akarudi kikosini. Wengi wangeomba barua ya kuondoka siku hiyohiyo.

Msimu wa 2013/14 Azam ikatwaa ubingwa bila kupoteza mchezo: mechi 26, ushindi 18, sare 8. Tangu Mtibwa Sugar mwaka 2000, kombe hilo halikuwa limetoka mikononi mwa Simba na Yanga. Mwaka uliofuata likaja Kombe la Kagame la klabu za Afrika Mashariki na Kati, na hapa ndipo beki anapopimika: mechi sita, fainali dhidi ya Gor Mahia ikiwamo, bila Azam kuruhusu bao hata moja.

Kisha ikafika 2017. John Bocco, Aishi Manula, Shomari Kapombe na Erasto Nyoni wote walihamia Simba katika dirisha moja la usajili. Aggrey akabaki. Simba ikachukua ubingwa mara nne mfululizo, 2018 hadi 2021, Azam haikuugusa. Waliohama siwalaumu hata kidogo, maana maisha ya mchezaji uwanjani ni mafupi na fedha za usajili ndizo hujenga nyumba. Ila gharama ya kubaki inahesabika kwa medali.

Marekani wanaujua mkasa wa namna hii. Joe Thomas alicheza Cleveland Browns pekee, 2007 hadi 2017, kwenye safu inayomkinga mrusha pasi wa timu katika futiboli ya kwao. Alicheza vipande vya mchezo 10,363 mfululizo, kila kimoja kikiwa cha sekunde chache za kusukumana, bila kukosa hata kimoja, mpaka alipoumia mkono. Hakuwahi kucheza mechi ya mtoano. Hata hivyo, mwaka 2023 aliingizwa kwenye Jumba la Mashujaa la mchezo huo, kwa kuwa wenzetu walijifunza zamani kuhesabu kazi ya mlinzi.

Kwetu hesabu bado ni mabao. Basi tuhesabu hayo pia: Machi 24, 2019, Uwanja wa Taifa, Temeke, Taifa Stars iliifunga Uganda 3-0 na kurejea AFCON kwa mara ya kwanza tangu 1980. La kwanza lilikuwa la Simon Msuva, la pili penalti ya Nyoni, la tatu la Aggrey Morris.