Mtoto Asiyeona Jioni

Mtazame mtoto wako jua linapotua. Je, anajikwaa kwenye kigoda ambacho wenzake wanakiona? Usimgombeze. Huenda mwili wake umepungukiwa na vitamini A.

Vitamini A hulinda macho. Pia husaidia mwili kupigana na maradhi kama surua. Ikikosekana sana, jicho hukauka, hupata kidonda, na mtoto huweza kuwa kipofu kabisa.

Mwaka 1975 wazee wetu walijifunza katika kampeni ya Chakula ni Uhai. Hapa Songea tunavuna mahindi mengi. Lakini ugali wa mahindi meupe hauna vitamini A. Tumbo hushiba, macho hubaki na njaa.

Vitamini hiyo imo katika majani ya maboga, matembele, mchicha, mapapai na maembe yaliyoiva, mayai na maini. Mboga zisipikwe muda mrefu. Ziunge kwa karanga au mafuta, kwani mafuta huisaidia vitamini A kuingia mwilini.

Mtoto wa miezi 6 hadi miaka 5 apelekwe zahanati kupewa matone ya vitamini A kila miezi 6. Kama haoni jioni, usingoje. Mpeleke mara moja.