Kabureta ya Pikipiki Kuukuu: Tuanzie Wapi Kutafuta Ubovu?



Katika makala hii tunapenda kueleza jambo linalowagusa wengi wetu, kwani pikipiki ndiyo usafiri wa wazazi na walimu wetu, na wapo kati yetu wanaoitegemea kwa riziki. Pikipiki kuukuu ikianza kukohoa na kuzimika, mara nyingi tunaambiwa: "Kabureta imekufa, nunua mpya." Sisi tunasema, tungoje kwanza. Mara nyingi kabureta imeziba tu kwa uchafu, na wakati mwingine haina kosa lolote.

Tuchukue mfano wa Honda CG125, iliyoanza kuuzwa mwaka 1976, na ambayo muundo wa injini yake umefuatwa na pikipiki nyingi za Kichina.

Kazi ya kabureta ni kuchanganya hewa na petroli, takriban gramu 15 za hewa kwa gramu 1 ya petroli. Hewa inayovutwa na injini hupita mahali pembamba, mwendo wake ukaongezeka na mgandamizo wake ukapungua. Ndipo petroli hunyonywa kutoka katika bakuli lililo chini. Ndani ya bakuli mna boya linalofunga njia petroli inapofika kiwango chake, kama boya la tangi la maji. Petroli hupita katika vitundu vya shaba viitwavyo jeti. Jeti ndogo hulisha injini inaponguruma polepole, sindano hushika kazi katikati, na jeti kubwa hutumika tunapovuta mafuta mpaka mwisho. Kwa hiyo tukijua pikipiki inasumbua wakati gani, tumeshajua pa kutazama.

Kabla ya kufungua kabureta, tufanye haya:

1. Tufungue mfuniko wa tangi. Una kitundu cha kupitisha hewa. Kikiziba, pikipiki huenda kidogo kisha huzimika. Ikiwa mfuniko ukiachwa wazi inawaka na kuendelea, ubovu ni huo.

2. Tuchomoe mpira wa petroli na kukinga chupa. Petroli ikitoka kwa matone, koki au chujio lake limeziba. Tuiache itulie: maji ni mazito kuliko petroli, hivyo yatakaa chini.

3. Tutazame chujio la hewa. Likijaa vumbi, hewa haipiti.

4. Tufungue plagi. Rangi ya kahawia hafifu ni njema. Masizi meusi makavu yanaonyesha petroli imezidi. Weupe unaonyesha petroli ni pungufu, na hili ni la hatari zaidi, kwani injini huchemka hata pistoni ikaharibika.

5. Tuvute choki. Pikipiki yenye moto ikitengemaa kwa choki, basi petroli ilikuwa haitoshi: ama jeti imeziba, ama hewa inaingia kwenye ufa baina ya kabureta na injini.

Ama petroli ikimwagika chini ya kabureta, tutazame boya. Tukilitikisa na kusikia petroli ndani, limetoboka. Kama ni zima, sindano yake imelika au ina uchafu. Hapo tukague na oili. Ikinuka petroli tusiwashe injini mpaka tuibadilishe, kwani haitalainisha vyuma ipasavyo.

Sasa usafishaji. Tufunge koki. Kabla ya kutoa skrubu ya hewa, tuikaze taratibu mpaka mwisho huku tukihesabu mizunguko, tuiandike, ili tuirudishe palepale. Jeti zioshwe, zipulizwe kwa upepo, kisha zitazamwe kwenye mwanga. Tusizichokonoe kwa waya! Kitundu kikipanuka hata kidogo, pikipiki itakula mafuta, na hakuna ufundi wa kukirudisha. Ikibidi kununua jeti, iwe na namba ileile iliyochorwa kwenye ya zamani.

Tahadhari kubwa ni moto. Kazi hii ifanywe nje, injini ikiwa imepoa, mbali na jiko, kibatari na sigara. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini bila kuonekana na kuufuata moto ulio mbali. Watoto wadogo wasikae karibu.

Mwisho, tunawausia wenzetu wanaotaka kuwa mafundi. Mwenye pikipiki hajui kilichomo ndani, ametuamini. Kumuuzia kabureta mpya ilhali kilichoziba ni kitundu cha mfuniko ni kula mali yake bila haki. Tuanze na lililo jepesi na lisilo na gharama, na tumwonyeshe ubovu kwa macho yake kabla ya kumtaka fedha. Fundi wa namna hiyo hakosi wateja, inshaallah.