Vyombo vya Shaba vya Zamani: Tazama Kabla ya Kuuza

Soko la Burma, kando ya Barabara ya Jogoo katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, lajulikana sana kwa nyama. Jina lake latukumbusha nchi ya Burma, ambako askari wa King's African Rifles walipigana na Wajapani katika mwaka 1944. Lakini habari tunayotaka kuwaeleza wasomaji si ya nyama wala ya vita. Ni ya wanunuzi wa vyuma vikuukuu wapitao mitaani na mikokoteni, na ya mizani yao.

Siku moja, si mbali na soko hilo, mwandishi wa habari hizi aliona dele la kahawa limetupwa juu ya mabomba yaliyopasuka. Lilikuwa la shaba, mdomo wake kama wa ndege, na ubavuni limechorwa maua. Mama mmoja mwenye asili ya Pwani alikuwa amekwisha kulipwa kwa kilo, sawasawa na mwenye mabomba. "Lilikuwa la marehemu bibi yangu," alisema, "nami sinywi kahawa." Kesho yake lingetiwa katika tanuru.

Je, mtu atajuaje thamani ya chombo kama hicho? Aanze na sumaku. Shaba haivutwi na sumaku. Ikivutwa, basi ndani mna chuma kilichopakwa shaba juu tu. Shaba nyekundu haikuchanganywa. Ya manjano ina zinki. Na ile iliyotiwa bati ni ngumu, hulia kama kengele. Kuujua umri ni kazi zaidi. Tazama mpini na ukingo: mahali paliposhikwa na mikono miaka mingi pamelainika, na maua yake yamefifia. Chombo kipya kilichochakazwa kwa hila huwa kimekwaruzwa pote. Wala usikwangue kutu ya kijani kwa msasa. Watu husugua kwa ndimu na majivu mpaka chombo king'ae, kumbe wameyafuta maandishi, na bei pamoja nayo.

Wako wasemao kwamba fundi aweza kutengeneza kingine. Wafikiri siwa ya shaba ya Lamu, baragumu kubwa lililopigwa katika sherehe za wakuu. Kwa kazi ya namna ile fundi hufanya umbo la nta, hulifunika kwa udongo, huuchoma hata nta itoke, ndipo humimina shaba. Kisha kalibu huvunjwa.

Sheria nayo ina neno. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 yahesabu kuwa cha kale kila chombo kilichotengenezwa Kenya au kuletwa humu kabla ya mwaka 1895, na hakitolewi nje ya nchi bila kibali. Mnunuzi wa vyuma vikuukuu naye apaswa kuwa na leseni, kwa sheria ya mwaka 2015. Na mwezi wa Januari 2022 Serikali iliisimamisha biashara yote kwa muda, kwa sababu ya wezi waliokuwa wakiharibu mitambo ya umeme.

Mama yule aliposikia hayo alirudisha fedha, akaongeza shilingi chache, akapewa dele lake. Tulimwuliza kifuniko kiko wapi. Alikuwa amekiuza juma lililopita.