Dau la Ajabu Katika Poka ya Mtandaoni: Ugeni, Hila au Wizi?

Katika mikutano yetu na wananchi, lipo swali linalorudi mara kwa mara. Mtu anacheza poka kwa simu yake, tena kwa dau dogo. Mpinzani asiyemfahamu anaweka dau lisiloeleweka, kisha anazoa fedha zote za mezani. Mchezaji huyo hutuuliza: je, nimeibiwa?

Swali hili halipaswi kupuuzwa, kwa kuwa kosa la kulijibu lina hasara pande zote mbili. Anayedhani ameibiwa, kumbe hakuibiwa, huongeza fedha ili alipize kisasi. Aliyeibiwa kweli hunyamaza akidhani ni bahati mbaya, na mwizi akaendelea na kazi yake. Hatukusudii kumfundisha mtu kamari. Tunakusudia kumwezesha msomaji kupambanua mambo matatu yanayofanana kwa sura: ugeni, hila halali na wizi.

Katika aina ya poka ichezwayo zaidi mtandaoni, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri, na karata tano huwekwa wazi mezani kwa hatua. Katika kila hatua mtu aweza kupita, kuweka dau, kulipia dau la mwenzake, kulipandisha au kutupa karata zake. Katika meza za chini kabisa, madau ya lazima ya kuanzia huwa senti 1 na senti 2 za dola ya Marekani, na mchezaji huketi na takriban dola 2.

Tuanze na ugeni. Mezani pana senti 40, na mpinzani anaweka senti 2 tu. Wengi hudhani ni mtego. Mara nyingi ni mtu mwenye karata za wastani, anayeogopa kupoteza na pia anaogopa kupita. Hesabu inamsaliti: wewe unalipa senti 2 upate 42, hivyo yatosha ushinde mara moja katika kila mara 22. Mwenye karata nne za ua moja anayengoja ya tano huipata katika karata inayofuata karibu mara moja kati ya tano. Dau dogo namna hiyo halimzuii mtu; linamkaribisha.

Kinyume chake ni yule anayesukuma dola zake zote 2 tangu mwanzo, wakati mezani pana senti 3 tu. Anahatarisha senti 200 ili apate 3. Akinaswa na kushindwa mara moja, amepoteza alichokusanya katika ushindi zaidi ya 60. Huyu kwa kawaida si mwizi. Ni mtu aliyechoka, aliyelewa, au ambaye dola 2 hazimuumi. Wapo pia wanaolipia kila dau hadi mwisho kwa sababu wanataka kuona tu. Hao hawatishiki, na anayejaribu kuwatisha kwa karata dhaifu hujiumiza mwenyewe.

Hata kuchelewa kujibu hakuna maana moja. Huenda mpinzani anafikiri, anacheza meza nne kwa pamoja, au mtandao wake umelegea.

Lakini dau la ajabu si lazima liwe la kijinga. Mwaka 2019 watafiti walitangaza programu iitwayo Pluribus, iliyowashinda wachezaji mahiri katika meza ya watu sita. Programu hiyo ilikuwa na tabia ya kufungua hatua mpya kwa dau baada ya kumaliza hatua iliyotangulia kwa kulipia tu dau la mwenzake. Wachezaji wengi walizoea kuiita tabia hiyo dalili ya ulimbukeni, ila Pluribus iliitumia mara nyingi zaidi kuliko mabingwa hao.

Jambo la pili ni uchache wa ushahidi. Jozi hutokea mkononi mara moja katika kila migao 17, na jozi ya ree mara moja katika kila 221. Katika migao 30 mtu hutarajia jozi moja au mbili. Akipata nne, huo si muujiza. Anayemhukumu mpinzani kwa nusu saa ya mchezo anahukumu kwa bahati, wala si kwa tabia.

Dalili ya mvua ni mawingu, ingawa si kila wingu ni la mvua. Wizi wenyewe una mawingu yake. Mwaka 2007, katika tovuti ya Absolute Poker, mshindi wa shindano moja alitiliwa shaka kwa sababu maamuzi yake yalilingana mno na karata za siri za wapinzani: aliendelea walipokuwa dhaifu, akajitoa walipokuwa na nguvu. Wachezaji waliichambua kumbukumbu ya shindano zima, na ikabainika kwamba palikuwa na akaunti iliyoweza kuona karata za wote. Kampuni ilikiri, na Januari 2008 mamlaka ya Kahnawake nchini Kanada ikaitoza faini ya dola 500,000. Wizi huo haukufichuliwa na dau moja la ajabu, bali na mpangilio uliojirudia.

Kwa dau dogo, dalili za kuangaliwa ni hizi: wachezaji wawili wanaoketi pamoja kila mara, wanaopandishiana dau hadi wa tatu ajitoe, kisha wao wenyewe hawapigani; akaunti isiyolala, inayojibu kwa sekunde zilezile usiku na mchana; na mtu anayetupa karata baada ya kuweka karibu fedha zake zote, kila mara mbele ya mpinzani yuleyule. Hili la mwisho laweza kuwa njia ya kuhamisha fedha haramu. Akitokea mtu kukuomba umwazime akaunti au namba yako ya fedha za simu, au ushindwe kwa makusudi kwa ujira, kataa. Sheria ya Kupambana na Utakatishaji Fedha ya mwaka 2013 yaweza kukufikia wewe kabla ya kumfikia yeye.

Ukiwa na shaka, acha kucheza kwanza. Usiongeze fedha ili kuhakikisha. Hifadhi kumbukumbu ya migao, majina ya akaunti, tarehe, saa na ujumbe wa malipo. Usimtangaze mtu kuwa mwizi. Peleka lalamiko kwa kampuni kwa maandishi, na usiporidhika, kwa bodi ya taifa inayosimamia michezo ya kubahatisha au kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Tovuti isiyo na leseni ni vigumu kuibana, hivyo leseni iulizwe kabla ya kuweka fedha.

Wazazi nao wakumbuke kwamba sheria ya Uganda ya mwaka 2016 inamkataza aliye chini ya miaka 25 kushiriki michezo hii. Na kwa wote: kampuni hukata sehemu yake katika fedha za mezani, hata pale ambapo hakuna aliyeiba. Kwa sababu hiyo, katika meza ya watu waaminifu kabisa, jumla ya wanachoondoka nacho ni pungufu ya walichokuja nacho.