Mkunga Hana Mbadala, Lakini Amepata Msaidizi

Siku hizi hakuna mahali utakapokaa usisikie habari za akili bandia. Watoto wetu wanaitaja shuleni, vijana wanaizungumza vijiweni, na redio haipitishi wiki bila kuigusa. Wengine huiita akili mnemba. Wapo wanaoisifu kana kwamba itatuondolea kila shida, na wapo wanaoiogopa kana kwamba itatunyang'anya kazi na watoto wetu kwa pamoja. Mama mwenye mimba, au mwenye kichanga mgongoni, anataka kujua jambo moja tu: je, kitu hiki kitanisaidia mimi na mwanangu?

Kwa kuwa kazi yangu ni uuguzi, nitaiacha mikono mingine ieleze habari za mabenki na viwanda. Nitaeleza jinsi wajasiriamali walivyoiingiza akili bandia katika kazi ya zamani kuliko zote, yaani kumtunza mama na mtoto. Huko faida yake inaonekana waziwazi, na hatari yake pia.

AKILI BANDIA NI NINI?

Ni programu ya kompyuta iliyojifunza kwa kuona mifano mingi sana. Mtoto mdogo hujifunza kutofautisha mbuzi na kondoo kwa namna hiyo hiyo. Hakuna mzazi anayemwandikia kanuni. Humwonyesha tu, "Huyu mbuzi, huyu kondoo," mpaka siku moja anawatambua mwenyewe. Kompyuta nayo huonyeshwa maelfu ya picha za matiti yenye uvimbe na yasiyo na uvimbe, au maelfu ya maswali ya wajawazito pamoja na majibu yake, mpaka ianze kutambua lipi linafanana na lipi.

Haina moyo wala huruma, wala haijui uchungu wa uzazi. Inachojua ni kufananisha. Ikifundishwa kwa mifano mizuri hufananisha vizuri, na ikifundishwa kwa mifano mibaya, au kwa mifano ya watu wasiofanana nasi, hukosea, tena hukosea kwa kujiamini.

SWALI LA USIKU WA MANANE

Muuguzi yeyote aliyefanya kazi katika wodi ya wazazi ameyaona haya. Mama analetwa amechelewa, uso umevimba, presha iko juu sana. Ukiuliza kichwa kilianza kuuma lini, anajibu, "Tangu juzi, nesi. Nilidhani ni uchovu tu." Hakuwa mjinga, ila hakuwa na wa kumwuliza. Kliniki iko mbali, nauli hakuna, mama mkwe amesema mimba zote ndivyo zilivyo, na yeye anaona haya kusumbua watu. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wengi hawafichi kwa kupenda.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba mwaka 2023 wanawake wapatao 260,000 walifariki kwa sababu za ujauzito na uzazi, karibu wote katika nchi maskini na zenye kipato kidogo. Vingi vya vifo hivyo vingeweza kuzuiwa kama msaada ungepatikana mapema.

Nchini Kenya, Nick Pearson alianzisha Jacaranda Health mwaka 2011 akiwa na shabaha ya kuboresha huduma za uzazi kwa akina mama wa kipato kidogo. Baadaye shirika hilo lilibuni huduma iitwayo PROMPTS. Mama huandikishwa kwa namba yake ya simu, kisha hupokea ujumbe mfupi unaolingana na umri wa mimba yake, kama vile kumkumbusha siku ya kliniki au kumweleza dalili za hatari. Huduma hiyo hailipishwi, wala haihitaji simu ya bei kubwa. Kisimu cha tochi kinatosha.

Jambo kubwa zaidi ni kwamba mama anaweza kujibu na kuuliza. Maswali huingia kwa maelfu kila siku, na yanaandikwa kama watu wanavyozungumza, Kiswahili kikichanganyika na Kiingereza na lugha ya mtaani. Hapo ndipo akili bandia inapofanya kazi. Husoma kila swali na kulipanga. Anayeuliza kama anaweza kula embe hupata jibu lake, na anayeandika kwamba anatoka damu husogezwa mbele ya foleni, ili mhudumu aliyefunzwa amfuate na kumhimiza aende hospitali. Bila mpangaji huyo, ujumbe wa damu ungesubiri nyuma ya maembe mia moja.

Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa UlizaLlama, programu ya akili bandia iliyofundishwa Kiswahili juu ya msingi uliotengenezwa na kampuni ya Meta ya Marekani, na likaiweka wazi ili wengine pia waitumie. Akina mama, msilipuuze jambo hilo. Programu nyingi kubwa zimejifunza zaidi kutoka kwa Kiingereza. Mama anapoandika "mtoto hachezi," mashine isiyojua lugha yetu inaweza kufikiri juu ya mpira, kumbe mama anaeleza kwamba mtoto ameacha kujigeuza tumboni!

PICHA KUTOKA MFUKONI

Shirika la Afya Duniani hushauri kila mjamzito apimwe altrasaundi walau mara moja kabla ya wiki ya 24. Kipimo hicho huonyesha umri wa mimba, mapacha, na matatizo mengine mapema. Lakini mashine za kawaida ni kubwa na ghali, na wataalamu wa kuzisoma ni wachache. Mama wa kijijini huambiwa aende mjini, na wengi hawaendi.

Jonathan Rothberg, mjasiriamali wa Marekani, alianzisha kampuni ya Butterfly Network mwaka 2011. Mashine nyingi za altrasaundi hutumia kristali zinazotetemeka. Yeye aliweka kazi hiyo juu ya chipu ya kompyuta, akapata kifaa kinachoshikwa kwa mkono mmoja na kuunganishwa na simu. Kilipata kibali Marekani mwaka 2017, kikaanza kuuzwa kwa bei isiyofika dola 2,000. Mwaka 2022 vifaa 500 vililetwa Kenya kwa fedha za Wakfu wa Gates, na wahudumu wa afya, wakiwamo wakunga, wakafundishwa kuvitumia kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Kenyatta.

Watafiti wa Zambia na Marekani walikwenda hatua moja zaidi. Waliwafundisha watu wasio na ujuzi wa altrasaundi kupitisha kifaa juu ya tumbo kwa mpango maalumu, bila hata kuitafsiri picha. Akili bandia ndiyo iliyokadiria umri wa mimba. Utafiti wao uliotolewa mwaka 2024, uliowahusu wanawake 400 wa Lusaka na Chapel Hill, ulionyesha kwamba kwa mimba za miezi ya kati makadirio hayo yalitofautiana na umri halisi kwa siku zipatazo tatu tu, karibu sawa na yale ya mtaalamu mwenye mashine kubwa.

Kwa nini siku hizo zina maana? Kwa sababu mama asiyekumbuka tarehe ya hedhi yake ya mwisho ni tatizo kubwa kwa mkunga. Uchungu ukianza, hatujui kama mtoto ametimia au ni njiti, na uamuzi wa kumpeleka hospitali kubwa au kutompeleka hutegemea jibu hilo.

JICHO LA TATU

Huko Uswidi, picha za kuchunguza saratani ya matiti kwa kawaida husomwa na madaktari wawili. Watafiti walijaribu njia nyingine, wakitumia programu ya kampuni ya ScreenPoint Medical ya Uholanzi, iliyoanzishwa mwaka 2014. Programu ilipanga picha kwa kiwango cha hatari. Zisizotia shaka zilisomwa na daktari mmoja, za kutia shaka zikasomwa na wawili. Matokeo ya kwanza, yaliyotolewa mwaka 2023 na kuwahusu wanawake zaidi ya 80,000, yalionyesha kwamba kazi ya kusoma picha ilipungua kwa asilimia 44, na saratani zilizogunduliwa hazikupungua. Kinyume chake, ziliongezeka kidogo.

Na jijini Nairobi, kliniki za Penda Health, zilizoanza mwaka 2012, ziliweka programu inayomsoma tabibu anapoandika maelezo ya mgonjwa kwenye kompyuta. Mambo yakiwa sawa, huonyesha kijani. Kukiwa na la kuangalia, manjano, na kukiwa na hatari, nyekundu. Utafiti uliotolewa mwaka 2025, katika kliniki 15 na ziara 39,849 za wagonjwa, ulionyesha kwamba matabibu waliokuwa na msaidizi huyo walifanya makosa machache zaidi kuliko wenzao, pungufu kwa asilimia 16 katika kutambua ugonjwa na asilimia 13 katika matibabu.

Hata hivyo kuna mambo mawili ya kukumbuka. Wagonjwa walipoulizwa baadaye hali zao, haikuonekana tofauti ya uhakika baina ya makundi hayo mawili. Tena, mwanzoni matabibu wengi waliiona taa nyekundu wakaipita, na ilibidi wafundishwe na kuhimizwa ndipo msaidizi huyo akawa na faida. Mashine hupiga kengele, lakini anayeinuka kufungua mlango ni mtu.

BIASHARA NI BIASHARA

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini tumwulize pia mgeni anakaa kwa muda gani. Mwaka 2013 Ali Parsa alianzisha kampuni ya Babylon jijini London. Ilisifiwa sana kwa ahadi zake za akili bandia katika tiba. Mwaka 2016 ilifika Rwanda kwa jina la Babyl, ambako watu walipiga simu, wakazungumza na muuguzi au daktari, na kupokea namba ya dawa au ya vipimo kwa ujumbe. Waliojiandikisha walizidi milioni 2. Mwaka 2021 kampuni iliingia soko la hisa la New York. Mwaka 2023 ikaanguka, na huduma ya Rwanda ikafungwa.

Kliniki ya serikali, hata ikiwa na foleni na madawati yaliyovunjika, haifungwi kwa sababu hisa zimeshuka ng'ambo ya bahari. Kwa hiyo tuwashukuru wajasiriamali kwa wanachokileta, huku tukiwadai viongozi wetu wakunga, dawa, damu na gari la wagonjwa. Ujumbe wa simu unaweza kumwambia mama akimbilie hospitali, lakini hauwezi kumwongezea damu.

MAMBO YA KUZINGATIA NYUMBANI

Kwanza, uliza huduma ya simu inaendeshwa na nani. Iliyo nzuri itakujulisha katika kliniki yako, na nyuma yake kuna wahudumu wa afya. Usijiunge kwa sababu tu ujumbe umekuja.

Pili, tunza siri yako. Wengi wetu tunashiriki simu na mume, watoto au jirani. Kabla ya kuandika habari za mwili wako, fikiri nani mwingine atakayesoma. Usitume namba ya siri ya fedha kwa yeyote anayejiita daktari.

Tatu, usiache kliniki kwa kuwa simu imekujibu. Simu haipimi presha, haisikilizi moyo wa mtoto, wala haichukui damu.

Nne, zijue dalili za hatari kwa kichwa, hata simu ikizimika: kutoka damu ukeni, kichwa kuuma sana au kuona maluweluwe, kuvimba uso na mikono, degedege, homa kali, maumivu makali ya tumbo, kupumua kwa shida, chupa kupasuka kabla ya uchungu, na mtoto kupunguza kucheza. Ukiona hata moja, usiandike swali ukasubiri jibu. Nenda!

Tano, baba naye azijue. Mara nyingi yeye ndiye mwenye nauli, na ndiye atakayegonga mlango wa mwenye gari usiku.

Katika vikundi vyetu vya akina mama, kanisani na mitaani, tunaweza kulifanya jambo hili bila kungoja mradi wowote. Kila mwezi, mama mmoja anayejua kutumia simu vizuri akae na wawili wasiojua. Awasaidie kusoma ujumbe wa kliniki, na kuandika swali kwa maneno yao wenyewe. Kisha wapange pamoja: mmoja wao akiumwa usiku wa manane, nani atapigiwa simu, gari litapatikana kwa nani, na nani atabaki na watoto. Maswali hayo matatu programu haiwezi kuyajibu. Majibu yake yako kwetu, nasi tuyatafute leo, kabla uchungu haujaanza.