Kusoma Majira: Utangulizi wa Fenolojia kwa Mkazi wa Edmonton

Karibu katika elimu ambayo huenda umeifanya tangu utotoni bila kuambiwa jina lake. Fenolojia ni elimu ya nyakati za viumbe hai: lini mti unachanua, lini ndege wahamao wanawasili, lini vyura wanaanza kulia, lini kumbikumbi wanatoka ardhini. Swali lake la kwanza ni “lini?” na la pili ni “kwa nini sasa, si wiki iliyopita?” Kama ulilelewa na bibi aliyetazama upepo na miti kabla ya kupanda mahindi, msingi wake unao tayari.

Nimemwandikia utangulizi huu msomaji wa Kiswahili anayeishi Edmonton, kaskazini mwa London, mwenye hamu ya kutoka nje kutazama ndege na mwenye hadithi za ukoo zilizobaki vichwani mwa wazee. Wengi huona hayo ni mambo mawili, kila moja na siku yake. Mimi nasema jicho linalojifunza kusoma majira bustanini ndilo litakalokufundisha kuzisikiliza hadithi hizo, kwa kuwa wazee wetu wengi waliweka kumbukumbu kwa majira kabla hawajaziweka kwa tarehe.

Tuanze na msingi wenyewe. Rekodi moja ya fenolojia ina mambo manne: kiumbe, tukio, mahali na tarehe. Linalowatatiza wageni ni tukio, yaani badiliko moja dogo linaloonekana kwa macho na ambalo mtu mwingine angelitambua vilevile. “Ndege wameanza kujenga” bado si tukio. Nenda Pymmes Park, bustani iliyofunguliwa kwa umma mwaka 1906, mwezi wa Machi au Aprili, usimame kando ya ziwa. Mtafute kukuziwa, ndege mweusi mwenye mdomo mweupe na kibamba cheupe juu ya paji la uso. Mmoja anakuja akiogelea, kijiti mdomoni. Mwenzake aliyekalia lundo la matawi anakipokea, anakigeuza, anakichomeka pembeni. Safari ifuatayo huenda akaleta mfuko wa krispi, nao ukapokewa kwa heshima ileile. Hapo una matukio yanayoandikika: kijiti cha kwanza kuletwa, ndege wa kwanza kulalia, kifaranga wa kwanza, ambaye utamjua kwa kichwa chake chekundu. Andika uliloliona, usiandike ulilolikisia.

Najua utauliza: “Mimi napata nafasi Jumamosi tu, je, tarehe yangu ina thamani?” Inayo, mradi uandike pia siku ulizokwenda usione kitu. Hiyo tunaiita rekodi ya kutokuwapo. Ukiandika kwamba Jumamosi iliyopita vifaranga hawakuwapo na leo wapo, umelibana tukio ndani ya siku saba. Ukiandika ya leo peke yake, hakuna ajuaye kama wametotolewa jana au wiki mbili zilizopita.

Sasa tupande ngazi ya pili: nani anawaambia viumbe kwamba wakati umefika? Wajumbe wakuu ni watatu: mwanga, joto na mvua. Kwetu Afrika Mashariki mjumbe mkuu ni mvua. Masika na vuli ndizo zinazoamsha mimea, na matone ya kwanza ndiyo yanayowatoa kumbikumbi. Mwanga haubadiliki sana karibu na Ikweta, ndiyo maana tunaweza kuhesabu saa kuanzia mawio na machweo bila kupotea. Jaribu hesabu hiyo Edmonton. Mwishoni mwa Juni jua linachomoza kabla ya saa kumi na moja alfajiri, na mchana unazidi saa 16. Mwishoni mwa Desemba linachomoza baada ya saa mbili asubuhi na kuzama karibu saa kumi alasiri. Urefu wa mchana, ambao kwetu hauna habari, huku ni tangazo. Ndege wengi hupima mwanga huo ndipo miili yao ijiandae kuzaa au kusafiri. Miti nayo husikiliza joto zaidi: mwaloni huchelewa kufungua majani majira ya machipuko yakiwa ya baridi, na huwahi yanapokuwa na joto.

Shika tofauti hiyo, maana ndiyo kiini cha ngazi ya tatu. Urefu wa mchana wa tarehe fulani haubadiliki mwaka hata mwaka, lakini joto hubadilika, na sasa linapanda. Anayefuata mwanga na anayefuata joto wanaweza kupishana. Mwaka 2001 watafiti Christiaan Both na Marcel Visser walionyesha jambo hili Uholanzi, kwa ndege mdogo mla wadudu anayekaa Afrika Magharibi wakati wa baridi. Viwavi anaowalisha makinda wake walikuwa wakitokea mapema zaidi, naye hakuwahi kufika mapema kwa kiasi hicho, kwa kuwa akiwa Afrika hana njia ya kujua kwamba Ulaya kumekwisha kupata joto. Wanasayansi huita hali hiyo kupishana kwa nyakati.

Ndege wahamao ndio wanaounganisha kalenda mbili unazozijua, ya huku na ya kwetu. Mwanzoni mwa Mei inua macho juu ya mapaa ya nyumba za Edmonton umtafute teleka, ndege wa rangi ya kahawia iliyokolea, mabawa marefu yaliyopinda, anayepita kasi akipiga kelele kali. Kufikia Agosti wengi wao wamekwenda. Kuanzia 2010 shirika la British Trust for Ornithology liliwafunga teleka wa Uingereza vifaa vidogo vinavyopima mwanga, na ikathibitika kwamba huishia bonde la Kongo, wengine wakivuka hadi Msumbiji. Kabla ya hapo chombo kilikuwa pete ya chuma mguuni yenye namba. Mbayuwayu aliyevishwa pete Staffordshire, Uingereza, mwezi Mei 1911 alipatikana Natal, Afrika Kusini, Desemba 1912, ukawa ushahidi wa kwanza wa pete kwamba mbayuwayu wa Uingereza hufika huko. Mwezi Agosti nenda Walthamstow Wetlands, mabwawa ya kusini mwa Edmonton yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2017. Ukibahatika utamwona kitwitwi akitembea kingoni, mkia ukicheza juu na chini bila kutulia. Ni spishi ileile, yaani aina ileile ya kiumbe, inayotembea ufukweni Tanga na Mombasa kuanzia mwezi huohuo.

Usidhani elimu hii ililetwa kwetu na wageni watupu. Reginald Moreau, aliyefanya kazi Amani, milima ya Usambara, tangu 1928, alikuja kuwa bingwa wa uhamaji wa ndege kati ya Ulaya na Afrika. Katika miaka yake ya Amani alimtegemea sana Salimu Asmani, mtu aliyezijua sauti na nyendo za ndege wa misitu ile.

Sasa tuingie kwenye ukoo. Mwaka 1736 Robert Marsham wa Norfolk, mashariki mwa Uingereza, alianza kuandika dalili za machipuko: majani ya kwanza, mbayuwayu wa kwanza, vyura. Wazao wake waliendelea hadi 1958. Daftari lao ni sayansi, na ni historia ya familia pia. Sisi wengi hatuna daftari la namna hiyo, ila tuna kauli, na kauli inaweza kupimwa.

Chukua mfano wa kauli hii ya mzee wa Unguja: “Mjomba wako alizaliwa Idi ya mfungo mosi, maembe yakiishaisha.” Masikio yasiyozoea yatasikia pambo la hadithi. Wewe utasikia kalenda mbili. Mwembe hufuata majira, na majira hufuata jua. Msimu mkubwa wa maembe ya pwani huishia kati ya Januari na Februari. Idi ya mfungo mosi, yaani ile ya kumaliza Ramadhani, hufuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi husogea nyuma kila mwaka na kuzunguka majira yote kwa miaka 33 hivi. Vitu viwili vinavyokwenda kwa mwendo tofauti hukutana kwa nadra. Idi ya mfungo mosi iliangukia Februari mwaka 1963, 1964 na 1965, ikateremka Januari miaka mitatu iliyofuata, na haikurudi Februari mpaka katikati ya miaka ya 1990. Kama mjomba ni mtu wa makamo aliyekwisha kupata wajukuu, umemweka ndani ya miaka michache. Mzee akiongeza kwamba ilikuwa Idi ya kwanza baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964, umefika: katikati ya Februari 1964.

Tahadhari moja. Kumbukumbu hupenda mwaka wa ajabu. Mtu husogeza tukio la kawaida likae karibu na mvua kubwa au njaa iliyojulikana. Kwa hiyo usimuulize mzee “mwaka gani?” tu. Muulize upepo ulikuwa kaskazi au kusi, shambani kulikuwa na nini, watu walikuwa wakila nini, halafu muulize na mwingine kando. Ni kanuni ileile ya ziwani: tukio dogo, lililoonekana, na shahidi wa pili.

Kwa kuanzia, chagua mwaloni mmoja ulio njiani kwako kila siku, na uandike siku utakapoona jani la kwanza lililofunguka kiasi cha kutambulika umbo. Chagua ziwa moja na ndege mmoja. Mpigie simu mzee mmoja, umuulize majira ya kuzaliwa kwa mtu mmoja tu. Yaandike yote katika daftari moja, tarehe upande wa kushoto, na ukurasa wa mwisho uyaachie maswali. Sura zinazofuata zitaeleza namna ya kupanga rekodi za miaka mingi, namna ya kutofautisha mwaka wa ajabu na badiliko la kudumu, na namna ya kuzichangia Nature’s Calendar, mradi wa Woodland Trust unaopokea rekodi za wananchi wa kawaida Uingereza nzima. Utazielewa upesi zaidi ukizisoma ukiwa na rekodi zako mwenyewe mkononi, hata kama ni tatu tu.